Ulisema Kulia

Arjeplog, 10 Novemba 1991

Gunvor mwenzangu,

Kila Krismasi tunatumiana kadi yenye mistari mitatu, na leo hata Krismasi haijafika, kwa hiyo najua umeshakaa kitako ukijiuliza nani kafa. Hakuna aliyekufa. Chura yu hai.

Ndiyo, Chura yule yule, Saab yetu ya kijani. Ulipotoka hospitali mwaka 1963 uliniambia nimpeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nami nikakujibu nimempeleka. Nilikudanganya. Nilimwingiza kwenye banda la baba, nyuma ya majani makavu ya ng'ombe, nikamfunika turubai, na miaka ishirini na minane nimekuwa nikilipita lile banda kama mtu anayepita makaburini. Marehemu mume wangu Nils alijua. Alikufa bila kumwambia mtu, ingawa kwa Nils kunyamaza hakukuwa kazi ngumu.

Juzi Evert, jirani yangu, yule aliyeendesha trekta la kusukuma theluji miaka thelathini, alikuja kuazima ngazi akaona bampa. Akasimama.

"Dagny, hicho ni nini?"

"Kabati."

"Kabati lenye namba ya usajili?"

Basi siri yangu ikaishia hapo.

Sasa nisikilize. Tarehe 7 Machi wapenzi wa magari ya zamani wa huku wanakusanyika ziwani, barafu ikiwa imeshika vizuri. Mizunguko saba, hakuna mshindi, halafu kahawa na maandazi ya mdalasini. Nataka Chura awepo. Tena nataka wewe uwe kwenye usukani na mimi ubavuni kwako na daftari langu, nikikusomea kona kama enzi zetu za mashindano. Mimi nina miaka hamsini na tisa, wewe sitini na mmoja. Tukizidi kungoja tutakuwa tunasukumwa na wauguzi.

Ubavu wa kushoto umebonyea vile vile tulivyouacha. Injini inazunguka kwa mkono. Panya wamekula kiti chako wakauacha changu. Sijui wana maana gani.

Jibu upesi.

Dagny


Landskrona, 21 Novemba 1991

Dagny,

Mwongo mkubwa wewe! Miaka ishirini na minane! Nimekaa jikoni nikicheka peke yangu mpaka mpangaji wa juu akagonga sakafu.

Huku kusini ndiyo majira yale yale: mvua inakuja ubavuni kutoka baharini, theluji haijui kama ni theluji au ni maji, na chumvi wanayomwaga barabarani inakula magari kuanzia chini. Wenzangu wa magari ya zamani wameshayaficha tangu Oktoba. Wanakutana gereji kila Alhamisi, wanafunua blanketi, wanatazama, wanakunywa kahawa, wanafunika. Mpaka Aprili. Mmoja wao huliaga gari lake kwa kulipigapiga begani, kama ng'ombe.

Sasa Chura. USIMWASHE. Toa plagi zote tatu, tia oili kidogo katika kila tundu, na uzungushe injini kwa mkono kila siku wiki nzima kabla hujafikiria jambo jingine. Petroli ya zamani imwage yote. Mpya uichanganye na oili, maana unakumbuka injini ile haina oili yake ya pembeni. Ukisahau siku moja tu, umeiua. Mpira wa pampu ya mafuta utakuwa umekauka kama jani. Huo nitakutafutia mimi, najua duka.

Kuhusu mimi kuja, tutaona. Kazi ya kufundisha udereva nimeiacha tangu Agosti. Miaka ishirini na mitano ya kukanyaga breki ya pembeni inatosha. Na njia ni ndefu, na nyonga yangu haipendi baridi.

Lakini wewe andika. Andika kila kitu, hata spana ikikudondokea mguuni.

Gunvor


Arjeplog, 8 Desemba 1991

Gunvor,

Kipimajoto cha dirishani kinasema ishirini na sita chini ya sifuri, na mimi nimetoka bandani sasa hivi. Ukiona wino umekatikakatika, ujue ni vidole.

Umetaka kila kitu, haya pokea. Jumatatu kufuli ya banda iliganda. Nikaimwagia maji ya moto, mjinga mimi, ikaganda mara mbili. Jumanne Evert akaja na mashine ya kukaushia nywele ya mkewe na waya wa mita arobaini, tukaipulizia kufuli kama tunaiandaa kwa harusi, ikafunguka. Jumatano nikaweka hita ya umeme chini ya injini, fyuzi za nyumba nzima zikakatika, na mkate wangu ulikuwa kwenye oveni. Alhamisi trekta likapita likaisukuma theluji yote ya barabara mpaka mlangoni pa banda, kimo cha kifua. Nikapiga koleo tangu asubuhi hadi mchana. Evert kasimama ananitazama.

"Enzi zangu," anasema, "tulikuwa tunainua jembe la trekta tukifika mlangoni pa mtu."

"Enzi zako, Evert, ulikuwa unanizibia mlango kila Ijumaa."

"Ijumaa nilikuwa na haraka."

Betri iko jikoni karibu na jiko, naiamkia kila asubuhi kama mgeni. Breki zimekwama. Mlango wa kushoto haufunguki kabisa, itabidi upitie upande wangu.

Sasa mpira wa pampu. Gunvor, umenitumia mpira wa gari jingine kabisa. Namba iko wazi kwenye boksi: kuna saba palipotakiwa moja. Ni wewe huyu uliyekuwa ukisoma namba ya gari la mbele mita mia tatu katikati ya theluji inayoruka? Bahati Evert ana jamaa yake kule Arvidsjaur mwenye sanduku la vipuri, tukapata mwingine.

Na huo mwandiko umeutoa wapi? Herufi kubwa kama bango la dukani, mistari inapanda mlima. Barua ya kurasa tano yenye maneno ya ukurasa mmoja! Unaniandikia umesimama, au unanionyesha kwamba una haraka?

Ndani ya bahasha nimeweka picha ya kabureta, nimeipiga kwa karibu. Itazame vizuri uniambie: niitumie hivyo ilivyo au nitafute nyingine? Evert ana maoni yake, lakini mimi nataka yako.

Dagny


Landskrona, 19 Desemba 1991

Dagny,

Samahani kwa ule mpira. Muuza duka alikuwa na maneno mengi. Mwandiko ni kalamu mpya, nene mno, nimeinunua kwa pupa.

Picha nimeitazama. Kabureta ni nzuri, safi, itumie tu bila wasiwasi.

Nimefikiria mambo ya Machi. Mpe Evert usukani. Mtu aliyeishi na theluji miaka thelathini hawezi kukuangusha. Mimi nitafurahi kusikia ilikuwaje.

Krismasi njema, na umsalimie Chura.

Gunvor


Arjeplog, 3 Januari 1992

Gunvor,

"Nzuri, safi." Kabureta ile ina ufa kutoka juu mpaka chini, ukucha unaingia. Evert aliuona kwenye picha bila miwani. Mke wa Evert, ambaye hajui kabureta ni chombo cha gari au cha kupikia, aliuona. Wewe hukuitazama. Uliitupa mezani ukaandika lolote ili unitoe mlangoni.

Nilinuna sikukuu zote. Binti yangu akaniuliza, mama una nini, nikasema meno.

Basi mimi si mtoto, najua ni nini. Ni ile kona ya kule kwenye kiwanda cha mbao. Tumeandikiana kadi miaka yote hii hakuna aliyeitaja, na leo naitaja mimi. Tulikuwa sekunde tisa nyuma ya wale wanawake wa Dalarna, zimebaki kilomita thelathini, kombe la wanawake linanukia. Daftari mapajani mwangu. Nami nikasema kushoto palipokuwa kulia, ukaukata usukani kushoto, tukaingia kwenye msonobari, nyonga yako ikavunjika vipande vitatu.

Unajua jambo moja? Sikumbuki kusema kushoto. Nimejaribu. Kila nikiisikiliza sauti yangu kichwani inasema kulia. Lakini wewe ulisema gazetini kwamba nilisema kushoto, na wewe hukuwa mtu wa uongo, kwa hiyo nilijifunza kutoiamini kumbukumbu yangu. Mwaka uliofuata timu mbili zilikuja hapa nyumbani zikinitaka niwasomee. Niliwaambia macho yangu na ulimi wangu havielewani. Sijashika daftari tena mpaka vuli hii.

Kama hutaki kukaa garini tena na mtu aliyekuvunja, sema hivyo. Nitakuelewa, nitakupa haki yako. Lakini usiniambie kalamu ni nene, na usinitupie Evert.

Dagny


Landskrona, 14 Januari 1992

Dagny,

Barua hii nimeianza mara sita. Hii ya saba naipeleka posta hata ikiwa mbovu.

La kwanza ni jepesi, ingawa nimelificha kama mwizi. Macho yangu yamekufa katikati. Pembeni naona: mlango, dirisha, mtu akipita. Lakini nikimtazama mtu usoni, uso haupo, pana doa la kijivu kama kidole kilichopakwa masizi. Lilianza majira ya kuchipua mwaka juzi. Mwezi Agosti nilikuwa na mwanafunzi, msichana mpole, nikamwambia "twende, njia nyeupe," na kulikuwa na baiskeli mbele yetu. Breki aliikanyaga yeye, si mimi. Jioni ile ile nilikwenda mwenyewe kuirudisha leseni yangu. Daktari anasema doa litakua. Barua zako nazisoma kwa kioo cha kukuzia, herufi moja moja, zinanichukua siku nzima. Picha yako niliishika karibu na taa saa nzima sikuona ufa wala kabureta. Niliona aibu kukwambia. Gunvor Ahlgren, dereva, hajui kilicho mbele yake!

La pili ni zito.

Ulisema kulia.

Ulisema, "Mita mia mbili, kulia kali, usikate," yaani nisiifupishe kona kwa ndani. Nilikusikia vizuri kama ninavyoisikia sasa hivi mvua hii dirishani. Nilikuwa nazitaka zile sekunde tisa. Nilijiambia naipita kona ile bila kugusa breki, na haikupitika, gari likateleza kwenda kushoto lenyewe. Sikukata usukani kokote. Hapakuwa na usukani tena.

Nilipozinduka hospitali mwandishi wa gazeti alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Akauliza, imekuwaje, dereva kama wewe? Nikasema, "Msomaji wangu alisema kushoto." Maneno manne tu. Nilidhani nitayarudisha kesho yake. Kesho yake yakawa gazetini kwa herufi nene.

Halafu ukaja wewe. Kila siku na supu yako kwenye chupa ya chai, ukakaa kwenye kile kiti cha chuma, na siku moja ukalia ukaniomba msamaha. Nami nikakusamehe. Dagny, uongo naweza kuuelezea, nilikuwa kijana, nilikuwa na maumivu, nilikuwa na majivuno. Lakini kwamba nilikutazama ukilia nikakushika mkono nikasema "nimekusamehe," hilo sina maelezo yake. Si nyonga iliyonihamisha kutoka huko kaskazini. Nilishindwa kukuangalia.

Huhitaji kujibu. Chura ni wako. Kabureta tafuta nyingine.

Gunvor


Arjeplog, 1 Februari 1992

Bi. Ahlgren,

Hatujaonana tangu zamani, lakini niliwahi kukuvuta kwa trekta kutoka kwenye mtaro mwaka 1960, pengine unakumbuka. Mimi ni Evert Sandlund, jirani wa Dagny. Si mwandishi, ila mke wangu amesema niandike la sivyo ataandika yeye, na yeye akianza hamalizi.

Barua yako ilifika tarehe 20. Dagny aliisomea bandani. Nilikuwa nashikilia taa. Aliikunja, akaiweka mfukoni, akaanza kutembea kulizunguka gari akisema "kulia, kulia, kulia." Mimi nikadhani anataka kulia, nikampa leso. Akanirushia spana ya namba kumi na saba. Haikunipata.

Siku nne hakuja bandani. Siku ya tano akaja kabla hapajakucha vizuri, akafungua kabureta aliyoipata Arvidsjaur, akaisafisha kwa mswaki. Tarehe 28 tukaiwasha injini. Iliwaka mara ya tatu. Moshi wa bluu ulijaa banda zima mpaka tukatoka nje tunakohoa, na ule mlio wake wa pap-pap-pap wakausikia mpaka ng'ambo ya ziwa. Mimi nilipiga makofi. Yeye alisimama kwenye theluji akajifuta uso kwa ile leso. Sikumuuliza.

Hajaniambia lililo kwenye barua na sitaki kulijua. Nakwambia hili tu: kiti cha dereva amekishona upya kwa turubai na sufu ya kondoo. Cha kwake hajakigusa. Mtu hamshonei kiti mtu asiyemtaka.

Treni mpaka Jörn, halafu basi. Nitakuja kituoni. Vaa nguo nzito.

Evert Sandlund


Arjeplog, 9 Februari 1992

Gunvor,

Evert amekiri kwamba amekuandikia. Hajui kuficha kitu, mtu huyo. Anakuwa mwekundu masikioni.

Sijakusamehe. Nakwambia mapema usije ukashuka kwenye basi ukifikiri utapokelewa kwa kukumbatiwa. Nimekasirika mpaka nimeota vipele. Nikiosha vyombo nakasirika, nikilisha paka nakasirika. Si ile kona. Kona kila mtu anaweza kuikosa. Wala si gazeti. Ni kwamba mimi nilikuwa msomaji mzuri, Gunvor. Nilikuwa mzuri kweli kweli. Na ulinifanya niamini vingine maisha yangu yote, na hakuna anayeweza kunirudishia miaka ile, hata ungenitumia maboksi mia ya mpira wa pampu.

Hayo nimeyasema.

Lakini pia nimekuwa nikitembea humu nyumbani nikisema kwa sauti, "Mita mia mbili, kulia kali, usikate," na safari hii naiamini. Hujui jambo hilo linavyomkalia mtu kifuani. Ni kama umeambiwa mtu uliyemzika hakuwa amekufa.

Kuhusu macho: mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulitaka kuumbuliwa na kabureta. Ungeniambia mwezi Novemba ningekuandikia kwa herufi kubwa. Kama unavyoona, sasa nakuandikia kwa kalamu ya kuandikia maboksi. Paka amekanyaga wino, usijiulize lile neno la mwisho wa ukurasa wa pili ni nini, ni mguu.

Njoo. Leta soksi za sufu jozi tatu. Huku bado ni thelathini chini ya sifuri na Chura hana hita.

Dagny


Landskrona, 19 Machi 1992

Dagny,

Nimerudi salama. Nguo zangu zote zinanuka moshi wa Chura, na sijazifua. Mpangaji wa juu amesema ngazi zinanuka kama mashine ya kukatia miti. Nikamwambia, asante.

Alhamisi wenzangu wa gereji walitaka habari. Nikawapa. Niliwaambia jinsi ulivyokaa kwenye usukani kwa gwaride la mizunguko saba, mimi abiria, na jinsi Chura alivyozimika mzunguko wa tatu mbele ya meza ya kahawa, mbele ya watu wote, na yule bwana wa kipaza sauti akatangaza kwamba "mabibi wa Saab wamesimama kupata maandazi." Niliwaambia tulivyosukumwa na wanaume sita wenye kofia za manyoya, na Evert akipiga kelele, "Gia ya pili! Ya pili, mwanamke wewe!" Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa kwenye blanketi la gari lake.

Halafu sikuwaambia mengine. Niliona ni yetu.

Nakwambia wewe, kwa sababu hukuwa upande wangu wa gari. Watu walipokuwa wameondoka na jua likiwa bado juu ya mlima, tuliposhuka kwa ule mlango mmoja ukasema, "Tangulia wewe, shika usukani," nilidhani unatania. Nikakwambia, sioni. Ukasema, "Ziwa lina upana wa kilomita nne na Evert amesimama mwisho wake na bendera. Unataka kugonga nini?" Nikapita upande wako, nikajivuta juu ya gia kwa nyonga hii mbovu, nikaishika ile duara ya usukani. Kiti kile kipya, Dagny. Sufu yake. Nikaipapasa mishono yako kwa vidole, mmoja mmoja.

Mbele palikuwa na weupe wenye doa la kijivu katikati. Nikajiambia: kama hatasema kitu, sitakwenda. Ukafungua daftari, nilisikia kurasa. Ukasema, "Nyoosha, mita mia tano, yote." Nikakanyaga.

Sikuwa nimesikia sauti ile tangu mwaka 1963. Kwenye chai unaongea kawaida, lakini hiyo nyingine ni kavu, haina haraka, inafika kabla ya kona. "Mia mbili, kushoto pole." Nikaenda kushoto pole. "Mia, kulia kali, usikate." Mkono wangu ulisita nusu ya pumzi, nadhani ulihisi. Halafu nikaenda kulia, kulia kabisa, mkia wa gari ukateleza vizuri kama mtu anayegeuka kwenye dansi, misumari ya tairi ikilia kwenye barafu, na hatukuingia kwenye mti wowote.

Najua hapakuwa na kona. Ulikuwa ukizibuni. Sijawahi kupita kona nzuri kuliko zile.

Jambo moja tu linanisumbua tangu kwenye treni. Mzunguko wa mwisho, baada ya "nyoosha, yote," ulinyamaza. Nikangoja neno lako, halikuja. Niliendesha tu, moja kwa moja, sijui umbali gani, mpaka ukasema "breki." Nikafikiri hasira imekurudia, kwamba ghafla umekumbuka umekaa na nani. Sikuthubutu kuuliza mbele ya Evert.

Naweza kulisikia jibu lolote.

Gunvor


Arjeplog, 2 Aprili 1992

Gunvor,

Barafu imeanza kulia ziwani, barabara ya juu yake imefungwa tangu Jumatatu. Chura amerudi bandani. Safari hii hana turubai, na mlango wa kushoto Evert ameshaunyoosha, unafunguka kwa teke. Anasema ni "karibu mzima." Nimemwambia hata yeye ni karibu mzima.

Hasira ipo, sitakudanganya. Inakuja Jumanne na Ijumaa, kama basi. Siku nyingine naisahau kituoni.

Lakini siku ile haikuwa hasira. Ngoja nikwambie.

Mimi na wewe tulipita misitu yote ya kaskazini hii, majira ya baridi saba. Watu wakiniuliza, ilikuwaje, uliona nini? Nawaambia niliona daftari. Ni kweli. Macho yangu yalikuwa mapajani, kalamu mkononi, nahesabu mita. Wewe ulikuwa ukipiga kelele, "Tazama kulungu wale! Tazama jua lile!" na mimi nasema "mia, kushoto, daraja." Ningeinua kichwa tungekufa. Sikuwahi hata mara moja kuona tulikuwa tunapita wapi.

Mzunguko ule wa mwisho nilisema "nyoosha, yote," nikatazama ukurasa uliofuata, na ulikuwa mtupu. Nilikuwa nimemaliza kona zangu zote. Mbele yetu palikuwa na kilomita mbili za barafu na hakuna kitu cha kusoma. Nikalifunga daftari. Nikainua kichwa.

Theluji ilikuwa ya rangi ya waridi, Gunvor, na vivuli vyake ni vya bluu. Vumbi la barafu lilikuwa likiruka pande zote mbili za boneti na jua limo ndani yake. Milima iko kule kwa mbali imekaa kimya. Na ubavuni kwangu umekaa wewe, kofia imekwenda upande, mdomo wazi, unacheka bila sauti, unaendesha kama mtu anayeona kila kitu.

Sikunyamaza kwa kukasirika. Nilikuwa natazama nje.

Dagny